Nakshi juu ya Chuma cha Vita

Uzuri na mauti havikai mbalimbali kama watu wadhanivyo. Mara nyingi hukutana juu ya kipande kimoja cha chuma. Bastola ya kale iliyotiwa nakshi huwekwa katika kabati la kioo. Mtazamaji huisogelea kwa mapenzi, na mkusanyaji hutoa mali nyingi ili aimiliki. Je, uzuri waweza kukitakasa kitu kilichofanywa kwa kuua?

Wako wasemao kuwa waweza, na hoja yao si dhaifu. Nakshi haiongezi shabaha wala haipeleki risasi mbali zaidi. Fundi huinamia chuma kwa patasi ndogo na nyundo, akachimba majani na maua mstari kwa mstari, na kosa moja la mkono ni shida kulifuta. Katika silaha nzima, kazi hiyo peke yake haina haja ya adui. Tena wakusanyaji huitukuza nakshi ambayo haikuliwa na kiganja wala ala. Mikwaruzo ya matumizi hupunguza bei. Basi, aghalabu, silaha iliyotumika kidogo ndiyo ipewayo heshima kubwa. Yaonekana kama kwamba uzuri umekiachisha chuma kazi yake.

Hoja hiyo ni tamu, walakini haikutimia. Samuel Colt, mwenye kiwanda cha bastola katika mji wa Hartford, Marekani, aliajiri mafundi hodari wa nakshi. Bastola yake moja ya mnamo mwaka 1853, iliyojazwa dhahabu na kupambwa kwa sura ya George Washington, ilikuwa zawadi kwa Sultani Abdulmajid wa Dola ya Uthmania. Mwaka 1854 bastola nyingine za dhahabu zilipewa Nicholas wa Kwanza, mfalme wa Urusi. Wafalme hao wawili walikuwa vitani wao kwa wao tangu mwaka 1853. Leo zawadi ya sultani imo katika Makumbusho ya Metropolitan, New York. Za mfalme wa Urusi zimo katika Makumbusho ya Hermitage, St Petersburg.

Ukarimu ule ulikuwa na shabaha. Colt alitaka majeshi yanunue silaha zake. Bastola za dhahabu hazikufanywa ziende vitani. Zilikuwa chambo, na nyuma ya chambo zilingoja bastola nyingi zisizo pambo, za mikono ya askari wasiojulikana. Hapo uzuri haukukiachisha chuma kazi. Ulikitafutia kazi zaidi.

Je, fundi alaumiwe na mkusanyaji aone haya? La. Mstari uliochimbwa vema ni mwema, na kuupenda si dhambi. Lakini uzuri ni shahidi wa mkono ulioufanya. Si shahidi wa kitu ulichokipamba, wala wa nia ya aliyeulipia. Mkusanyaji mwenye haki huitazama nakshi kwa furaha, kisha akautazama na mtutu, asisahau ulitobolewa kwa ajili gani.