Msifungue Kopo Mapema

Masomo: Matendo 9:1–25; Wagalatia 1:15–18

Nyumbani kwangu Tanga chumba cha giza ni bafu. Nasubiri usiku, nazima taa zote, naziba chini ya mlango kwa taulo, kisha naitoa filamu kwenye mkebe wake kwa kupapasa na kuizungusha kwenye kigurudumu chenye mifereji. Wengi hudhani taa nyekundu inaruhusiwa. Hiyo ni ya karatasi za kuchapishia. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe huona hata mwanga mwekundu, nao huiharibu. Ni giza totoro, unategemea vidole tu. Kigurudumu kikishaingia kwenye kopo na kifuniko kikakazwa, ndipo nawasha taa.

Dawa ya kusafishia hutumika vizuri kwenye nyuzijoto 20. Maji yetu ya bomba yana joto zaidi ya hapo, hivyo naitia chupa ya dawa kwenye beseni la barafu na kungoja kipimajoto kishuke. Namimina, napindua kopo taratibu kwa sekunde 10, naliweka chini, na kila dakika napindua tena. Kwa filamu ya HP5 na dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, ni dakika 7 na nusu.

Dakika hizo hazina cha kutazama, na mimi huzitumia kuomba. Picha tayari imo ndani. Iliingia siku ile kamera ilipofunguka kufumba na kufumbua, mwanga ukagusa chembe za chumvi ya fedha na kuacha alama ndogo ambayo jicho haliioni. Dawa huzishika chembe zilizoguswa na kuzigeuza fedha nyeusi. Lakini zile ambazo hazikuguswa bado zimo, tena zingali hai. Ukifungua kopo sasa, zote hupata mwanga kwa pamoja, na dawa iliyobaki huzigeuza nazo. Nilifanya hivyo na picha za kipaimara cha mpwa wangu, kwa hamu ya kuona. Ukanda wote uligeuka mweusi. Picha 36, sikupata hata moja, na siku ile haikurudi.

Kinachookoa ni dawa ya pili, ya kukazia. Hiyo huyeyusha chembe zisizoguswa na kuziondoa, na ule ukungu mweupe kama maziwa hutoweka kwenye ukanda. Mwingereza Thomas Wedgwood aliikosa. Taarifa ya majaribio yake ilichapishwa mwaka 1802: alikuwa amepata vivuli vya majani kwenye karatasi na ngozi, lakini ilibidi avitunze gizani, kwa maana mwanga uleule uliovileta ulivifuta. Mwanafalaki John Herschel aligundua mwaka 1819 chumvi inayoyeyusha chembe za chumvi ya fedha, na mwaka 1839 akaitumia kukazia picha. Mpaka leo tunakazia kwa dawa za ukoo huohuo.

Sasa mtazameni Sauli, ambaye baadaye aliitwa Paulo. Mwanga ulimpiga mara moja njiani, na jambo lililofuata ni siku 3 za upofu, bila kula wala kunywa, ndani ya nyumba ya mtu. Kisha, kama anavyowaandikia Wagalatia, alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na ikapita miaka 3 ndipo akapanda kwenda Yerusalemu kumwona Kefa. Najua msomaji wa Matendo atanikumbusha kwamba alianza kuhubiri Dameski mara moja. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya miaka ile Maandiko hayatusimulii hata kidogo, na mimi nauheshimu ukimya huo.

Sisi hatuuheshimu. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwetu kijana aliyeacha gongo. Mungu alikuwa amemgusa, sina shaka hata leo. Jumapili ya tatu nikamsimamisha mbele atoe ushuhuda. Watu wakalia, wakapiga vigelegele. Sharika jirani zikamwalika, akapewa kipaza sauti, akaanza kuitwa mtumishi. Hakuna aliyekaa naye jioni ile kiu inapomrudia, wala aliyemuuliza kuhusu deni lake au kuhusu mama yake ambaye walikuwa hawasemezani. Mambo hayo yote yalikuwa bado yamo ndani yake, hayajaondolewa, nasi tukamfungulia mwanga. Alipoanguka, alianguka mbele ya watu wote waliomshangilia, na aibu hiyo ndiyo inayomzuia kurudi, kuliko pombe yenyewe. Kosa lilikuwa langu, na nimemwendea kumwambia hivyo.

Paulo alimwonya Timotheo asimweke mtu aliyeongoka karibuni kuwa msimamizi. Tumelichukulia onyo hilo kuwa la maaskofu peke yao, kumbe linawafaa hata wale tunaowapa kipaza sauti.

Kuna dada ameanza kukaa benchi la nyuma tangu mwezi uliopita. Mmemwona, na baadhi yenu mmeshaniuliza lini atashuhudia. Wazee wa kanisa, nawasihi: msimwite mbele. Msalimieni mlangoni, mjueni anakoishi, mmoja wa kina mama aende akamtembelee, na atakayosikia huko yabaki hukohuko.