Kodi na Amana
Lamadi ni mji mdogo wa Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, kandoni mwa Ziwa Viktoria. Mchuuzi wa dagaa wa hapo, alipotuma fedha kwa simu tangu Julai 2021, alikatwa tozo ya miamala. Malalamiko yalipozidi, Serikali iliipunguza mwaka uleule, na mwaka 2022 ikaifuta kwa baadhi ya miamala. Lakini swali letu silo la kiasi. Je, aliyelipa anadai nini?

Husemwa kwamba kodi ni amana. Nadhani ni zaidi. Amana huwekwa kwa hiari, kwa mtu tumwaminiye. Kodi hutwaliwa kwa sheria, upende usipende. Basi aitumiaye ana deni zito kuliko mwekewa amana.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ila mkaguzi aghalabu hufika fedha zikiisha kutumika. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo, lisiposomwa na mchuuzi yule, au wamsemeao, mali itapotea na habari zake zimeandikwa.