Ukweli wa Nyumba na Ukweli wa Lugha

Sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuzungumza Kiingereza wa IELTS huhusu mambo ambayo mtahiniwa anayajua kuliko mtu mwingine yeyote: kazi yake, masomo yake, familia yake na mahali anapoishi. Unaishi kwenye nyumba ya peke yake au kwenye fleti? Unapenda chumba kipi zaidi? Majengo ya mtaa wenu yakoje? Maswali ya namna hii huchukua dakika 4 hadi 5 kati ya dakika 11 hadi 14 za mtihani mzima, nayo huwekwa mwanzoni kwa sababu hayahitaji elimu maalumu. Hata hivyo yana swali la maadili ndani yake. Mtu anayejizoeza kuyajibu hutambua mapema kwamba hakuna atakayekwenda kuikagua nyumba yake. Anaweza kusema ana roshani inayotazama bahari, na alama zake zisipungue hata moja. Je, akisema hivyo amesema uongo? Na kama hakusema uongo, ukweli una kazi gani katika zoezi hili?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kile kinachopimwa. Mtahini hutumia vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa maneno, msamiati, sarufi, na matamshi. Kigezo cha tano, cha ukweli wa habari, hakipo. Hiyo si kasoro ya mtihani. Mwanafunzi wa ushonaji hupewa kipande cha kitambaa ili aonyeshe mshono wake. Kipande hicho hakitavaliwa na mtu, na fundi anayekikagua hutazama uzi ulivyopita, basi. Vivyo hivyo, sentensi kama “ninaishi ghorofa ya tatu” ina kazi mbili. Ikisemwa mtaani ni habari, maana rafiki ataitumia kupanda ngazi na kubisha hodi. Ikisemwa mbele ya mtahini ni mshono wa kukaguliwa.

Wanafikra waliochunguza uongo hawatoi jibu moja juu ya jambo hili. Augustino, aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430 na kuwa askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa Algeria leo, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo. Kwake, mwongo ni mtu mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni, na anayesema kwa nia ya kumpotosha anayemsikiliza. Mzaha aliutenga na uongo, kwa kuwa sauti na hali ya msemaji huonyesha wazi kwamba hakuna anayedanganywa. Kwa kipimo hicho, roshani ya kubuni iko mpakani. Mtahiniwa anasema asichokiamini, na hatoi ishara yoyote ya mzaha, lakini mtahini naye hana haja ya kuamini wala kukanusha. Hakuna uamuzi wowote atakaoufanya kwa kutegemea roshani ile.

Immanuel Kant alikuwa mkali zaidi. Katika insha yake ya mwaka 1797 alichukua mfano wa muuaji anayefika mlangoni na kuuliza kama rafiki aliyekimbilia ndani yumo, akashikilia kwamba hata hapo mwenye nyumba hana haki ya kusema uongo. Anayekataa uongo hata pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini hawezi kuuruhusu kwa ajili ya alama za mtihani. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipita njia nyingine katika Ihya Ulum al-Din, pale anapoeleza maovu ya ulimi. Maneno, kwake, ni njia ya kufikia makusudio. Kusudio jema likiweza kufikiwa kwa ukweli, uongo hauna udhuru. Kipimo hiki kinalifaa sana suala la mtahiniwa. Lengo lake ni kuonyesha kwamba anajua Kiingereza, na lengo hilo hufikiwa vizuri kwa kueleza nyumba anayolala kila siku. Dharura ya kubuni roshani haipo.

Hadi hapa suala linaonekana kuwa la kosa dogo, ambalo mkali atalilaumu na mpole atalisamehe. Sura yake hubadilika mahali pa roshani anaposimama mtu mwingine, yaani mtahiniwa wa majibu ya kukariri. Chukua watahiniwa wawili. Wa kwanza anabuni nyumba isiyokuwepo, lakini anaibuni hapo hapo kwa Kiingereza chake mwenyewe, akitafuta maneno, akikosea na kujisahihisha. Wa pili anaeleza nyumba yake halisi, chumba kwa chumba, kwa aya iliyoandikwa na mwalimu wake naye akaikariri kwa wiki tatu. Yupi kati yao amemdanganya mtahini?

Mtu akitazama nyumba tu, atamtaja wa kwanza. Lakini mtahini hakuwa akiulizia nyumba. Swali lilivaa vazi la nyumba, na ndani yake lilikuwa likiuliza: una uwezo gani wa kuunda maneno ya lugha hii? Kwa swali hilo la ndani, mbunifu amejibu kwa uaminifu. Alichokionyesha ndicho alichonacho, makosa na yote. Mkariri, ijapokuwa kila tofali alilolitaja lipo, ametoa uwezo wa mtu mwingine kama wake. Uongo wake haumo katika nyumba aliyoieleza. Umo katika lugha aliyoielezea. Hata kile kipimo cha Augustino, ambacho kilimwacha mbunifu mpakani, kinamshika huyu barabara: ananuia mtahini aamini jambo lisilo kweli, tena jambo lile lile ambalo mtahini ataliamulia.

Watunzi wa mtihani wanalijua hilo. Katika maelezo ya madaraja, yanayokwenda hadi 9, sentensi zinazoonekana kukaririwa zimetajwa katika maelezo ya daraja la 3 la sarufi. Kuligundua jibu la kukariri nako si kazi ngumu. Mkariri huenda kwa kasi sawa mwanzo hadi mwisho, hutumia msamiati wa hali ya juu, kisha akiulizwa “kwa nini?” hushuka ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein anasaidia kueleza kwa nini hali huwa hivyo. Kitabu chake cha Uchunguzi wa Kifalsafa, kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, kinaanza na maneno ya Augustino huyo huyo kuhusu namna alivyojifunza lugha utotoni, kwa kuonyeshwa kitu na kusikia jina lake. Wittgenstein anaiona picha hiyo kuwa finyu. Mfano wake wa kwanza wa lugha nzima ni wa watu wawili walio kazini: mjenzi anataja jiwe, nguzo, bamba au boriti, na msaidizi wake anamletea. Neno linafahamika kwa kazi linayoifanya kati ya watu hao. Anayejua kutamka “boriti” pasipo kujua aichukue wapi na ampelekee nani, bado hajalijua neno. Ndivyo alivyo mkariri. Amerundika mawe mazuri kiwanjani, lakini mjenzi akiita jiwe jingine, hana mkono wa kulifikisha.

Yapo pia maelezo ya kibinadamu ya kwa nini watu huziacha nyumba zao wanapojizoeza. Vitabu vya majibu ya mfano vimejaa bustani za mbele, sebule zenye mazulia na vyumba vya wageni. Kijana anayeishi chumba kimoja cha kupanga, anayechangia bili ya umeme na wapangaji wengine na kupanga foleni ya bafu uani, huona kwamba makazi yake hayafai kusemwa kwa Kiingereza. Polepole hujengeka imani kwamba lugha nzuri inahitaji nyumba nzuri. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa kuliko yale ya roshani ya kubuni, kwa maana inamfundisha mtu kuona aibu juu ya maisha yake kama sharti la kuijua lugha ya wengine.

Ukweli ni kinyume chake. Nyumba za Waswahili zina mengi ya kueleza. Ile ya vyumba sita iliyoenea katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani wenye jiko, choo na bafu, ni ramani ya namna familia kadhaa zinavyoishi chini ya paa moja. Nyumba za mawe za Lamu, zenye kuta za matumbawe na boriti za mikoko, humtoa mgeni barazani hadi dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na kumwingiza ndani kwa hatua, kadiri anavyoaminiwa. Kiingereza hakina neno moja linalobeba yote yaliyomo katika “baraza”: kiti cha mawe, mahali pa kahawa, mpaka kati ya njia na nyumba, na kikao cha wazee. Mtahiniwa anayeijua baraza analazimika kuieleza kwa mzunguko, na kueleza kwa mzunguko ni miongoni mwa uwezo unaotafutwa na kigezo cha msamiati. Pengo la lugha linakuwa nafasi ya kuonyesha ujuzi.

Hapo ndipo ukweli wa nyumba na ukweli wa lugha hukutana. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mojawapo ya maswali ya kawaida ya mtahini ni hili: ungebadilisha nini katika nyumba yako? Aliyeibuni roshani hana la kusema upesi, kwa kuwa roshani ile haijawahi kuvuja. Anayelala chini ya bati anajua kelele za mvua ya masika, joto la saa nane mchana, na dirisha linalohitaji kufunguliwa lakini linaloingiza vumbi la barabara. Maneno humjia kwa sababu mambo yenyewe yapo. Uaminifu hapa si mzigo wa maadili uliowekwa juu ya ufasaha. Ni chemchemi ambayo ufasaha huchotwa humo.

Lipo tena suala la maana ya kuishi mahali. Kiingereza hutenganisha house, ambayo ni jengo, na home, ambayo ni mahali moyo ulipotua. Kiswahili kina mgawanyo wake: nyumba ni jengo, nyumbani ni pale mtu anaporudi jioni, na kwetu ni pale anapotoka, hata kama hajapakanyaga kwa miaka kumi. Kitenzi “kuishi” hubeba uhai na makazi kwa pamoja, na neno “maskani” lilitoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya utulivu. Katika mhadhara wa mwaka 1951 mjini Darmstadt, mwanafalsafa Martin Heidegger alitoa hoja inayofanana na hiyo kutoka katika Kijerumani: kitenzi cha kujenga hapo kale kilimaanisha kukaa mahali, na kukaa mahali ndiyo namna ya mwanadamu ya kuwepo duniani. Kwa mtazamo huo, swali “unaishi wapi?” si dogo kama linavyoonekana. Anayeulizwa anaombwa aseme yeye ni nani kwa kutaja anapolala.

Ndiyo maana wajibu wa kusema kweli una mipaka yake pia. Kutosema si kusema uongo. Mtu aliyekimbia vita, au ambaye nyumba yake ilibomolewa, au anayeishi mahali penye kumbukumbu chungu, halazimiki kufungua jeraha mbele ya mgeni mwenye saa mkononi. Anaweza kueleza nyumba ya shangazi alimolelewa, au ya jirani anayoijua vizuri, na kusema wazi kwamba ni ya jirani. Maswali huruhusu hilo, na lugha hupimwa vilevile.

Kutokana na hayo yote, mazoezi mema yana mpangilio unaoeleweka. Kwanza mtu huizunguka nyumba yake mwenyewe na kutaja kila anachokiona, hata kwa maneno machache aliyonayo. Kisha hutafuta neno la kile alichoshindwa kukitaja, na lisipopatikana hukieleza kwa matumizi yake. Baada ya hapo huulizwa na mwenzake maswali asiyoyatarajia: kwa nini, tangu lini, na nani, ungebadilisha nini. Jibu la leo lisifanane na la jana neno kwa neno, kwa maana jibu linalojirudia bila kubadilika limeanza kukaririwa. Mtu aliyejizoeza hivyo huingia mtihanini bila aya kichwani, akiwa na nyumba anayoijua na maneno yake mwenyewe ya kuielezea.