Zafarani Yachanua Katika Ukame

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, mwenye kuteremsha mvua na mwenye kuizuia, wala hapana ajuaye kipimo chake ila Yeye. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeombwa na bedui siku ya Ijumaa awaombee watu mvua, akainua mikono yake na mbingu haina wingu, ikanyesha hatta Ijumaa ya pili. Na ziwashukie jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baadu. Ndugu zangu Waislamu wa pwani hii, ni chache nyumba zetu zisizoijua zafarani. Hutiwa katika biriani na halua siku ya arusi, na walimu huiroweka kwa marashi wakaandikia kombe katika sahani nyeupe (na khabari ya kombe ina mahali pake, si hapa). Sisi wanaume tumekatazwa kujipaka, na aliyehirimia Hija havai nguo iliyoguswa nayo. Na katika Hadithi ya sifa za Pepo umetajwa udongo wake kuwa ni zafarani. Walakini wengi wetu tulio nayo katika kichupa hatujapata kuuliza yatoka katika ardhi ya namna gani.

Aghalabu yatoka Khurasani, upande wa mashariki wa nchi ya Irani, na Irani peke yake hutoa takriban sehemu tisa katika kumi za zafarani ya ulimwengu. Usidhani kuwa ni nchi ya mito na vivuli. Gonabad, mmojawapo wa miji yake ya zafarani, mvua yake ya mwaka mzima haifiki milimita 200, na sisi Mombasa mwezi wa Mei mmoja ukiwa mwema hupata kiasi hicho na zaidi. Mmea wenyewe hukaa chini ya ardhi, umbo lake mfano wa kitunguu kidogo. Ifikapo mwezi wa Mei majani yake hukauka yote, na tangu hapo hatta mwanzo wa vuli shamba huwa ni udongo mtupu uliopasuka kwa jua. Mgeni akipita katika mwezi wa Agosti atasema kuwa bustani hii imekufa, na mwenyewe amehama.

Kisha mwisho wa Oktoba, wakati ule ule sisi tunapoingoja mvua ya vuli, ardhi ile hutoa maua. Rangi yake ni ya zambarau, na ndani ya kila ua mna nyuzi tatu nyekundu, nazo ndizo zafarani. Mara nyingi ua hutangulia na majani yakafuata nyuma, yaani hutoa kabla halijapata jani moja la kujilishia. Watu hutoka alfajiri kuyachuma kwa mkono, kwani jua likipanda maua hulegea na kuharibika, na ratili mbili na ushei za zafarani kavu, yaani kilo moja, zataka maua kama 150,000. Majuma mawili matatu na kazi imekwisha.

Sasa tazama, ewe ndugu yangu, limetoka wapi ua hili. Wataalamu wa mimea wamekipasua kitunguu hiki katikati ya kiangazi, wakaona kuwa ua huanza kuumbika humo humo, wakati juu hapana hatta ukoka. Wameona tena kuwa joto lile la kiangazi ndilo linaloliumba, na kitunguu kikiwekwa katika baridi miezi hiyo hakifanyi ua kabisa. Basi miezi ile tuliyoiita ya mauti ndiyo miezi ya kazi. Na chakula cha kazi hiyo kimetoka wapi, maadam hapana jani wala maji? Kimetoka katika akiba iliyowekwa wakati wa baridi na mvua kidogo, majani yalipokuwa mabichi. Wala kitunguu hakiizuii akiba ile kwa ajili ya nafsi yake. Hulisha ua, hulisha majani ya kwanza, kisha hunyauka kikafa, na juu yake huota vitunguu vichanga vitakavyochukua zamu mwaka ujao. Ua lenyewe halizai mbegu. Kama kitunguu kile kingezuia, zafarani ingalikwisha katika dunia zamani sana.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mwaka wa ukame una maneno yake, nasi tumeyasikia. Tangu vuli ya 2020 hatta vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya kutimia. Septemba 2021 serikali ya Kenya ikatangaza kuwa ukame ni msiba wa taifa zima. Na huko Ganze na Kinango, mwendo wa saa chache tu kutoka misikiti yetu, ng'ombe walilala wasiinuke. Katika siku hizo wako miongoni mwetu, na maduka yao yamejaa, waliokuwa wakisema: mwaka huu hapana sadaka, hali ni ngumu, mvua ikija tutatoa. Hawakuwa wakisema uwongo kuwa hali ni ngumu. Walakini wamesahau kuwa Mwenyiezi Mungu katika Surat Aali Imrani amewasifu wachamungu kwa kuwa hutoa katika neema na hutoa katika dhiki, akaziweka hali mbili pamoja. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni sadaka ipi yenye ujira mkubwa, alijibu kuwa ni ile anayoitoa mtu akiwa mzima, roho yake ina ubakhili, anaukhofu ufakiri na anautumai utajiri. Fahamu vizuri maneno haya. Khofu ya ufakiri, ambayo wewe waifanya kuwa udhuru, Mtume ameifanya kuwa ndiyo inayoipandisha daraja sadaka yako.

Na atakayesema kuwa hana akiba, na ajipekue. Ile fedha uliyoiweka mwaka wa masika mema ulipewa na nani, na uliambiwa ni ya nani? Wako watu wasio nacho kweli, nao hawasemwi hapa. Asemwaye ni yule ambaye kitunguu chake kimeshiba chini ya ardhi, naye aonyesha watu udongo uliopasuka.

Katika Surat al-Qalam mna kisa cha wenye bustani ambao baba yao, kama walivyoeleza wafasiri, alikuwa akiwapa masikini fungu lao kila mavuno. Alipokufa, wanawe waliapa kuwa watayavuna matunda alfajiri, masikini hawajaamka, wakaenda wakinong'onezana asije akaingia fakiri hatta mmoja. Wakaikuta bustani imekwisha kuteketea usiku, hatta wakadhani kuwa wamepotea njia. Alfajiri yao na alfajiri ya mchuma zafarani ni saa moja. Huyu atoka mapema ili ua lisiharibike, wale walitoka mapema ili mtu asile. Na ulio kinyume cha kisa hicho ni ule alioupokea Muslim katika Sahihi yake, kuwa mtu mmoja alikuwa jangwani akasikia sauti katika wingu ikiliamrisha liende likainyweshee bustani ya fulani, akimtaja kwa jina. Akalifuata wingu hatta akamkuta mwenye bustani akiyageuza maji kwa jembe lake, akamwuliza afanyalo. Akamjibu kuwa hutazama kinachotoka katika bustani ile, akatoa thuluthi sadaka, na thuluthi akala yeye na watu wake, na thuluthi akairudisha katika ardhi. Sikumwona katika Hadithi hiyo akisema kuwa alianza kutoa baada ya wingu kuja.

Hapa pana khatari, na yapasa itajwe. Asitoke mtu katika maneno haya akaenda kumwambia mwenye njaa: subiri, utazame ua la zafarani. Mwenye njaa hakutaka khutba ya maua. Na ua lenyewe lina mpaka wake. Huko Pampore katika Kashmir, ambako zafarani imelimwa karne nyingi, mvua za wakati wake zilipopungua tangu miaka ya mwisho ya 1990 mavuno yalishuka vibaya, hatta serikali ya Hindi kuanzia 2010 ikatenga fedha ya kuwachimbia wakulima visima na kufufua mashamba. Na Khurasani kwenyewe, kabla ya maua kutoka, mkulima hulinywesha shamba mara moja maji ya kutosha, kisha huivunja ganda ardhi ya juu ili ua lipate kupenya. Basi ni subira ya mmea na maji ya jirani pamoja.

Na maji hayo hupatikanaje katika nchi kavu? Gonabad wana mfereji uliochimbwa chini ya ardhi tangu zamani sana kabla ya Uislamu, urefu wake zaidi ya kilomita 30, unaoleta maji kutoka upande wa milima. Nao mwaka 2016 ulitiwa pamoja na mingine kumi ya Irani katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Maji yake waligawana kwa saa ya maji, nayo ni bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, likielea katika chungu cha maji. Likijaa likazama, ni hesabu moja, na kila mwenye shamba ana hesabu zake, tajiri na masikini. Bakuli hilo jina lake ni ndugu wa neno letu finjani. Mlinzi wake alikaa mchana na usiku akihesabu, kwani finjani moja ya wizi ni shamba la mtu kukauka. Laiti mizani zetu za unga zingalikuwa na mlinzi wa namna hiyo katika mwaka wa njaa! Mtume (s.a.w.) amemhukumia kuwa mkosaji yule anayezuia chakula ili kipande bei, na sisi tuna watu wa safu ya kwanza msikitini ambao ghala zao zafungwa khabari ya ukame ikitangazwa, zikafunguliwa kilo ikiisha kuongezeka bei.

Sayyidna Umar bin al-Khattab, katika mwaka wa 18 wa Hijra, uitwao Mwaka wa Majivu kwa vile ardhi ilivyogeuka rangi, hakuwahutubia watu subira naye ameshiba. Aliapa asionje samli wala nyama mpaka watu wapate mvua, akala mkate kwa mafuta ya zaituni hatta rangi ya mwili wake ikabadilika, na tumbo lake likawa likinguruma naye akiliambia lingurume litakavyo, halitapata samli mpaka watu wapate. Aliandika kwa maliwali wake, misafara ya chakula ikaja, akasimamia sufuria kwa nafsi yake. Na imepokewa kuwa aliwaakhirishia wenye mifugo Zaka ya mwaka ule. Khafifu hiyo ni ya aliyepigwa na ukame; yule ambaye ukame umempa faida hana fungu ndani yake.

Basi ikiwa vuli itachelewa na watu wakasema tutoke tukasali Swala ya kuomba mvua, jueni kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii haianzwi kwa kutoka. Imamu huwaamrisha watu kwanza wafunge siku tatu, watubie, watoe sadaka, na wajitoe katika dhuluma za watu. Siku tatu hizo ndizo za kwenda kwa hamali uliyemzuilia ujira wake, na Mtume amekuamrisha umpe kabla jasho lake halijakauka. Na za kumrudishia mjane kiwanja chake. Na za kuwafungulia majirani kisima ulichokitia kufuli. Na za kuishusha bei ya unga ulioununua kwa bei ya zamani. Siku ya nne hutoka hali mmefunga, si kwa kanzu za Idi, bali kwa nguo za kazi, mkiwa wanyonge, pamoja na wazee na watoto, na wanyama pia hutolewa wasimame nje katika jua pamoja nanyi.

Wabillahi ttawfiki.