Nyumba Ingali Imesimama: Je, Fundi Hana Deni?

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, jijini Dar es Salaam, lilianguka. Watu 36 walipoteza maisha, siku ile ile ambayo Kanisa lote lilikuwa likikumbuka kifo cha Mkombozi. Mambo ya jengo lile yalichukuliwa na serikali na mahakama, ambao ndio wenye kazi hiyo. Sisi hatuna nia ya kuhukumu watu kwa kalamu. Wala hatudhani kwamba wasomaji wetu wanahitaji kuambiwa ya kuwa ni vibaya kujenga nyumba inayoua. Hilo hata mtoto anayejiandaa kwa Komunyo ya kwanza analijua. Swali letu la leo ni gumu zaidi kidogo: twauliza habari ya nyumba ambayo haikuanguka.

Wanaosomea upadre katika seminari kuu huzoezwa kupima mambo ya dhamiri kwa kuwekewa mfano. Basi nasi tuweke mfano. Fundi mwashi mmoja alipewa kazi ya kujenga bweni la shule, la ghorofa mbili. Mwenye mali alimpa saruji ya kutosha. Fundi akatumia theluthi mbili, theluthi iliyobaki akaiuza. Nguzo zikasimama, zikapigwa lipu, zikapakwa rangi. Mgeni wa heshima akakata utepe, padre akaibariki nyumba. Miaka 10 imepita, na nyumba haina hata ufa. Watoto hulala humo kila usiku. Sasa fundi amezeeka kidogo, na dhamiri yamsumbua. Rafiki yake amwambia: “Ndugu yangu, acha kujitesa bure. Nyumba ingali imesimama. Hakuna aliyeumia, basi hakuna anayekudai.” Je, rafiki huyu amesema kweli?

Ili tumjibu, hatuna budi kwanza kufahamu ni kitu gani alichokiiba fundi yule. Maana wengi wetu twaitazama nguzo ya zege kama tunavyolitazama jiwe: twaona ni kitu kigumu, basi. Lakini zege si jiwe lililookotwa. Ni kazi ya akili na ya uaminifu. Kwa desturi huchanganywa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, na vinne vya kokoto. Mita moja ya ujazo ya zege la namna hii hutaka mifuko 6 hivi ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja. Fundi akipunguza saruji hata kipimo kimoja kikapewa mchanga vitatu na kokoto sita, mifuko 4 na kidogo yatosha. Lakini zege hilo lafaa kutandikwa chini ya msingi, halifai kubeba ghorofa. Na ajabu yake ni hii, kwamba likikauka na kupigwa lipu, macho hayawezi kulitofautisha na lile la kwanza.

Maji nayo yana sheria yake. Saruji haigandi kwa kukauka kama udongo. Hugandamana kwa kuungana na maji. Mfuko mmoja watosheka na lita 25 hivi. Kibarua aliyechoka hupenda kuongeza ndoo, maana zege jepesi huchanganyika upesi na kumiminika lenyewe. Lakini maji yanayozidi huacha vitundu visivyoonekana, na nguvu hupungua. Kisha zege lililomiminwa lataka kumwagiwa maji na kufunikwa, siku 7 kwa uchache, lisikauke kabla ya wakati wake. Na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Nani atamwona fundi asiyemwagia maji siku ya Jumapili alasiri?

Tena kuna nondo. Zege hustahimili sana kukandamizwa, lakini likivutwa hukatika upesi; nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Kwa hiyo boriti ya zege hutiwa nondo upande wa chini, ndiko inakovutwa ibebapo mzigo. Lakini katika roshani inayotokeza nje ya ukuta, mvuto uko upande wa juu. Nondo zikiwekwa chini kwa uvivu au kwa ujinga, ni kama hazimo. Nazo nguzo hufungwa pete za chuma chembamba, mmoja baada ya mwingine kwa nafasi ndogo, ili nondo zisitoke nje zikielemewa. Fundi akizidisha nafasi kati ya pete, huokoa shilingi chache, wala hapana jicho litakalomwona. Mchanga wa bahari wenye chumvi nao hula nondo polepole. Kutu huvimba na kulipasua zege, labda baada ya miaka mingi, fundi akiwa amekwisha hamia mbali.

Yote haya hufanyika kwa siku chache, kisha hufunikwa. Basi sasa twaweza kuuliza: nyumba iliyoibiwa hivi yawezaje kusimama miaka 10?

Jibu lastahili kufikiriwa sana. Mhandisi anapochora nyumba haihesabii nguvu inayotosha tu; huongeza akiba. Kwa kanuni za Kiingereza ziitwazo BS 8110, ambazo zilitumiwa sana katika nchi zetu, uzito wa jengo lenyewe huzidishwa kwa 1.4, na uzito wa watu na vyombo huzidishwa kwa 1.6, tena nguvu ya zege hugawanywa kwa 1.5, kana kwamba ni dhaifu kuliko ilivyo. Kwa nini? Kwa sababu mhandisi anajua kwamba hajui yote. Hajui kama siku moja watu watajaa katika chumba kile kwa arusi, au kama mwenye nyumba ataweka tangi la maji juu ya paa, au kama ardhi itatetemeka. Akiba ile imewekwa kwa ajili ya siku isiyojulikana na watu wasiojulikana.

Hiyo ndiyo mali aliyoiuza fundi wetu. Hakuuza mifuko ya saruji tu. Aliuza akiba ya watoto wale. Na kama nyumba ingali imesimama, haisimami kwa sababu yeye hana kosa. Inasimama kwa sababu mtu mwingine, asiyemjua, alikuwa na busara ya kuweka zaidi ya lililohitajika. Rafiki amwambiaye, “Nyumba haikuanguka,” anamsifu fundi kwa wema wa mhandisi. Ni kama mtu aliyelewa akaendesha gari usiku akafika salama, kwa kuwa wengine walimpisha barabarani. Amefika, ndiyo, lakini kosa lake lilitimia pale aliposhika usukani, wala kufika hakukulifuta. Dhambi haingoji maafa ili iwe dhambi. Maafa huonyesha tu kwa watu kile ambacho Mungu alikwisha kukiona tangu siku ya kuchanganya zege.

Tunapata fundisho hili katika Maandiko Matakatifu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka, damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tuangalie vema: agizo latolewa siku ya kujenga, kabla hajaanguka mtu yeyote, tena kwa ajili ya mtu ambaye mjenzi hamjui kwa jina. Naye Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, alinena juu ya ukuta dhaifu uliopakwa chokaa ili upendeze, hata mvua kubwa ilipokuja msingi wake ukafunuliwa. Nabii alikuwa akisema habari za manabii wa uongo, lakini mfano aliutoa kazini kwa waashi, kwa kuwa wasikilizaji wake waliijua hila hiyo. Ni hila ya zamani.

Labda mtu atasema: “Ajali ni mapenzi ya Mungu, siku ya mtu ikifika, imefika.” Twamjibu kwamba Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe alitaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, kama aandikavyo Mtakatifu Luka, sura ya 13. Alikataa kabisa kwamba waliokufa walikuwa wabaya kupita wengine. Lakini hakusema popote kwamba waashi hawahusiki. Kumsingizia Mungu upungufu wa saruji ni kufuru iliyovikwa nguo ya uchaji.

Mwingine atasema: “Mshahara haukutosha. Mwenye mali alichelewesha malipo miezi mitatu, na watoto wangu walikuwa na njaa.” Neno hili hatulidharau. Kumnyima mfanya kazi ujira wake ni dhambi inayomlilia Mungu, na mwenye mali aliyebana bei mpaka fundi asiweze kujenga kwa haki ana sehemu yake katika nguzo ile dhaifu. Kadhalika mkandarasi aliyechukua kazi na kuiuza kwa mwingine kwa nusu ya bei. Kadhalika mkaguzi aliyetia sahihi bila kupanda ngazi. Tena tuseme wazi: sisi mapadre nasi, ambao mara nyingine twaharakisha jengo la parokia kwa kuwa siku ya kubariki imekwisha kutangazwa, tusijione tuko nje. Hata hivyo mdaiwa wa fundi alikuwa mwenye mali. Mtoto anayelala katika bweni hakumdhulumu. Mtu aliyenyimwa haki yake hapati ruhusa ya kuichukua kwa mtu wa tatu asiye na hatia.

Ndiyo maana kosa hili lagusa amri mbili. Lagusa amri ya saba, kwa kuwa mali ya mtu imeibwa. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika fungu la 2409, yaihesabu kazi iliyofanywa vibaya pamoja na udanganyifu na rushwa. Tena lagusa amri ya tano, kwa kuwa uhai wa watu umetiwa hatarini.

Linabaki swali zito kuliko yote: fundi yule afanyeje sasa? Aende kuungama, naam. Huruma ya Mungu haina mpaka, na padre atamwondolea dhambi zake akitubu kweli. Lakini maondoleo hayaongezi saruji ndani ya nguzo. Usiku ule ule fundi atakapolala kwa amani, watoto watalala chini ya zege lile lile. Kwa hiyo toba yake haiwezi kuishia kanisani.

Kuhusu fedha, mafundisho ya maadili ni mapole: aliyeiba hawajibiki kujitangaza, yatosha arudishe, hata kwa siri, kwa mkono wa mtu mwingine. Lakini kuhusu hatari, siri ina mpaka. Jina lake fundi aweza kulificha akipata njia ya kweli ya kufanya hivyo. Mahali pa nguzo hawezi kupaficha. Aseme, au amtume mhandisi anayeaminika aseme, kwamba nguzo hizi na hizi zilipunguzwa. Na ikiwa onyo lisilo na jina halisadikiwi, hana budi kwenda mwenyewe. Twajua hili si dogo. Mtu huyu ana mke na watoto, na anaogopa kifungo. Lakini tumweke mbele ya kitanda kimoja tu cha bweni lile, atazame anayelala humo, kisha ajibu mwenyewe kama hofu yake yapata haki ya kunyamaza.

Naye asidhani kwamba akisema ni lazima nyumba ibomolewe. Zege laweza kupimwa: wataalamu hulipiga kwa chombo maalumu, au hutoboa kipande cha mviringo wakakijaribu kwa mashine. Nguzo dhaifu yaweza kuvikwa nondo mpya na zege jipya kuizunguka. Mzigo wa juu waweza kupunguzwa. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kwanza wa nyumba hii haumo ukutani, umo katika moyo wa mtu mmoja anayejua.

Wapima ardhi wana desturi njema ambayo ingetufaa sote. Mpimaji anayebeba kimo kutoka alama moja hadi nyingine hurudi mwisho mahali alipoanzia, ili aone kama hesabu zake zakubaliana. Kila mara hupata tofauti, nayo huiandika. Na akikosea tarakimu katika kitabu chake haifuti. Huikata kwa mstari mmoja, ili ibaki ikisomeka, kisha huandika iliyo sahihi juu yake. Mpimaji hahesabiwi mwaminifu kwa kuwa hakukosea, bali kwa kuwa kosa lake laweza kuonekana na kusahihishwa na wengine.

Basi twawasihi wasomaji wetu wanaojenga, au watakaojenga, liwe bweni, zahanati, kanisa au nyumba ya kuishi: mlipeni fundi kwa wakati wake, na kabla zege halijamiminwa, simamisheni kazi kwa siku moja. Mwiteni mtu anayejua, azihesabu nondo na pete zake, aione saruji, aulize juu ya maji. Siku moja ya kungoja si hasara. Na wewe fundi uliyekwisha kufunika jambo kwa lipu, usingoje mvua kubwa ije kukufunulia. Nenda kaseme wiki hii, nyumba ikiwa ingali imesimama.