Dawa ya Mgonjwa Katika Mwezi wa Ramadhani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, Mwenyezi Mungu akurehemuni, kwamba mwili ni amana, na dawa aliyoiandika tabibu ina kiasi chake na wakati wake. Wako wagonjwa ambao, kwa kuipenda saumu, huziacha dawa zao mchana, kisha wakifuturu huzimeza za kutwa nzima kwa pamoja. Hili ni kosa kubwa. Mwenye kisukari akifanya hivyo, sukari yaweza kumshuka ghafula hata akazimia, na wengine wamo hatarini kufa.

Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, na asiyetarajia kupona hulisha masikini. Basi mwendee tabibu kabla ya mwezi kuandama. Akiweza kuzipanga dawa zako baina ya futari na daku bila ya dhara, funga. Akikukataza, ipokee rukhsa ya Mola wako kwa moyo mkunjufu, kwani kujidhuru si ibada.

Wabillahi tawfiq.