Sakafu Iliyong'aa Wiki Tatu

Mikocheni, Dar es Salaam, kuna viwanja ambavyo mchimba shimo hukutana na maji kabla hajachoka. Katika kiwanja cha namna hiyo, bwana mmoja alimaliza nyumba yake, kikabaki kitu kimoja tu: sakafu ya banda la gari. Jamvi lilikuwa limemwagwa mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, likapigwa niru na kulainishwa kwa mwiko wa chuma hadi likateleza. Sendofu ya binti yake ilikuwa imekaribia. Wageni wangekaa uani, na vyakula vingepangwa bandani.

Kwenye simu bwana huyo alikuwa ameona sakafu za epoksi, zile zinazonyunyiziwa chembechembe za rangi kisha zikafunikwa kwa klia nene hadi mtu anaiona sura yake chini. Akaitamani hiyo hiyo. Akampata kijana mmoja fundi wa epoksi, aliyemwambia, "Usijali bosi, siku mbili tu unaingia na viatu."

Jioni hiyo jirani yake akapita kumjulia hali. Alikuwa mzee aliyekula ujana wake wote kwenye saruji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili jamvi lina siku ngapi?"

"Kumi na nane, mzee wangu."

Mzee akainama, akaweka kiganja sakafuni. "Bado bichi hili. Zege liache litimize siku 28. Halafu chukua nailoni inayoonyesha, dhiraa moja kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, uiache mpaka kesho. Ukikuta matone chini yake, au sakafu imepiga weusi, ujue ardhi inapandisha maji. Usiifunike."

Mwenye nyumba akacheka. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee. Sendofu Jumamosi."

Mzee akaaga, akaenda zake.

Asubuhi yake kijana akaosha sakafu kwa mpira na sabuni. Maji yakakaa juu ya niru kwa matone ya duara, hayakunywewa. Ishara ilikuwa pale, machoni pa wote wawili: sakafu isiyokunywa maji haitakunywa epoksi pia. Dawa yake ni kuikwangua kwa grinda yenye diski ya almasi mpaka vinyweleo vya zege vifunguke. Lakini grinda ina vumbi, na kuta zilikuwa zimepakwa rangi juzi. Wakaiacha.

Saa sita mchana, jua likiwa utosini na mlango wa banda wazi, kijana akachanganya ndoo nzima kwa mara moja. Epoksi ni vitu viwili, gundi yenyewe na kikazio chake. Vikikutana huanza kupashana joto, na vikirundikana kwenye ndoo joto hilo huharakisha kuganda. Pembe ya kwanza ikatoka vizuri. Alipofika pembe ya mwisho, ndoo ilikuwa haishikiki kwa moto na rola inaburuza. Juu ya sakafu vikajitokeza vitundu vidogo vidogo, kwa sababu zege linalopashwa na jua hutoa hewa iliyomo ndani yake, na hewa hiyo ilikuta klia ikiganda. Kwa hiyo wajuzi humwaga joto likiwa linashuka, si linapopanda.

Jumamosi ikafika. Sakafu ikang'aa, mashangazi wakapigia picha pale, na mwenye nyumba akasifiwa kuliko hata mpishi.

Wiki ya tatu yakaanza malengelenge. Mwanzoni moja au mawili karibu na ukuta, kisha sehemu nzima ikavimba. Akatoboa moja kwa ufunguo, yakatoka maji yanayoteleza vidoleni. Unyevu uliokuwa ukipanda kutoka ardhini ulikuwa umezoea kupita kwenye zege na kupotelea hewani. Sasa ulikuta njia imezibwa. Maji yanayopita kwenye zege huchukua ukali wa saruji, na ukali huo hula mshiko wa gundi kutoka chini, huku msukumo ukiinua ganda.

Halafu akasafiri Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo, akaegesha gari bandani, akalala. Asubuhi alipolitoa, magurudumu yakaondoka na vipande vinne vya sakafu. Tairi lenye moto hulainisha klia iliyo chini yake, na mpira wa tairi hutoa mafuta yanayoongeza ulaini huo. Likipoa husinyaa na kuvuta. Klia iliyoshika vizuri huhimili mvuto huo. Hii haikuwa imeshika. Mgongo wa vipande vile ulikuwa na unga wa kijivu: ile ngozi laini ya niru, iliyo dhaifu kuliko zege lililo chini yake, ndiyo iliyobanduka pamoja na klia. Huku mlangoni, palipopigwa na jua kila asubuhi, rangi ilikuwa imeanza kuelekea manjano, maana epoksi haivumilii jua.

Simu ya kijana ikaita bila kupokelewa. Mwenye nyumba akamwita mzee.

Mzee hakumkumbusha neno. Alibandika nailoni kwenye sehemu iliyobanduka, na kesho yake wakaikuta imejaa matone. Aliyesimamia ujenzi alipoulizwa akakiri kwamba chini ya jamvi hakukutandikwa nailoni ya kuzuia unyevu. Hapo ikajulikana kuwa hata fundi bora zaidi, kwa klia ghali zaidi, angeshindwa kwenye sakafu ile.

Ikalazimu ganda lote likwanguliwe kwa grinda, mafundi wakiwa na barakoa. Badala ya kufunika tena, wakaipiga dawa ya silikati, ambayo huingia ndani ya zege, hukutana na chokaa iliyoachwa na saruji na kugeuka kitu kigumu kinachojaza vinyweleo bila kuvifunga kabisa. Kisha wakaisugua kwa diski laini, kila moja laini kuliko iliyotangulia, mpaka zege lenyewe likatoa mng'ao wake. Hauonyeshi sura ya mtu, na chembechembe za rangi hazipo. Lakini unyevu unapanda na kupotea kama zamani, na hauna ganda la kuinua.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alivunjika mfuko: alilipia kupaka, akalipia kubandua, akalipia tena kurekebisha. Klia ina sifa moja ambayo wauzaji hawaitangazi. Haiponyi kitu. Sakafu nzuri huionyesha kwa uzuri wake, na sakafu mbovu huifungia ubovu ndani mpaka utafute pa kutokea.

Kwa hiyo anayetaka sakafu ya namna hiyo aanzie chini. Kama nyumba bado inajengwa, nailoni itandikwe kabla ya jamvi, kwani baadaye hakuna atakayeiingiza. Zege lipewe siku zake. Nailoni ya kupimia ibandikwe usiku kucha, saa 16 au zaidi. Mafuta ya injini yaoshwe mpaka yaishe, niru ikwanguliwe, na tone la maji lijaribiwe mpaka linywewe. Epoksi ichanganywe kidogo kidogo, na palipo na jua juu yake ije klia ya poliyurethani isiyogeuka manjano, ikipakwa hewa ikipita na mpakaji akiwa na barakoa ya kemikali, kwa kuwa mvuke wake hudhuru mapafu. Kwenye tabaka la mwisho inyunyiziwe mchanga laini, maana sakafu inayong'aa ikilowa humwangusha mtu.

Na fundi akikutajia bei kabla hajaigusa sakafu, mwulize atapimaje unyevu. Akikosa jibu, mshukuru kwa kuja, umfungulie geti.